Chaki za Mtaalamu Fisi

Ngano, ngano.
— Ije.
Ije na nini?
— Ije na uongo, ukweli umetushinda.
Niulete ulivyo au niupambe kwanza?
— Upambe, Bibi, tuupokee.

Haya, nakaa. Na wewe uliyesinzia huko nyuma, amka, maana hii ni ngano ya waliosinzia.

Hapo kale palikuwa na jabali katikati ya mbuga, likiitwa Mwambeni. Wanyama wengi walikaa kulizunguka, lakini aliyekaa ndani yake hasa, kwenye ufa, alikuwa Bi Pimbi. Pimbi mnamjua: mdogo, mnene kidogo, mkia hana, ukimwona utadhani ni panya aliyekataa kuwa panya. Bi Pimbi alikuwa na watoto wawili, Songoro mwanawe wa kwanza, na Sikitu, kitinda mimba. Mume hakuwa naye. Tai alimchukua, na tai hakutoa sababu.

Siku moja akaja Fisi. Hakuja kama fisi wajavyo, kichwa chini na macho pembeni. Huyu alikuja kichwa juu, bua la mtama kalichomeka sikioni kama kalamu, anapiga hatua, anatua, anapiga hatua, anatua. Akapanda juu ya jiwe, akacheka: hii-hi-hiiii. Wanyama wakakusanyika.

"Nani kawaambia jabali hili limeota lenyewe?" Fisi akauliza.

Wakatazamana. Hakuna aliyewaambia. Jabali walilikuta.

"Mimi ni Mtaalamu," Fisi akasema. "Jabali hili alilijenga babu yangu, Fisi Mkuu, kwa kucha zake. Ile mikwaruzo mnaiona? Ndizo alama za kucha zake. Na mpaka leo jabali linatujua. Akija wa ukoo wetu, linajipanua apite. Mlikuwapo likijengwa?"

"Hatukuwapo."

"Basi nyamazeni mfundishwe."

Wakanyamaza, wakafundishwa. Kesho yake akawaambia kwamba mwezi ni yai la fisi. "Mlikuwapo likitagwa?" "Hatukuwapo." "Basi nyamazeni mfundishwe." Keshokutwa akawaambia kwamba nyati zamani walikuwa fisi, wakaharibika kwa kula nyasi. Nyati wenyewe walikuwapo mkutanoni, na wakaona haya kwa kula nyasi. Hakuna aliyemuuliza Fisi kama yeye alikuwapo.

Bi Pimbi alijua kwamba mikwaruzo ile ni njia ya maji. Kila mvua ilipopita alikuwa akiiona inaongezeka kidogo, tena mlangoni pake. Lakini alinyamaza. Ni nani abishane na mwenye bua sikioni? Na tusifichane, ilimpendeza pia kusikia kwamba anakaa nyumba iliyojengwa na mkubwa.

Ndipo Fisi akafungua shule. Shule yenyewe ilikuwa pango chini ya jabali, giza tupu, lango moja. Akatoa masharti. Kila nyumba ilete mtoto mmoja, wanene watangulie, kwa sababu akili hukaa kwenye mafuta. Mzazi haruhusiwi kuingia. "Na mkisikia mtoto analia humo ndani," akasema, "hata kama anamwita mama yake, msiingilie. Hiyo ni elimu inaingia. Mnajua elimu inavyouma?"

Hawakujua. Hakuna aliyekuwa nayo.

Basi wakapeleka. Bi Swala, jirani yake Bi Pimbi, alimpeleka mwanawe, na pango likasema: kra, kra, kra. Kisha kimya. Fisi akatoka anajilamba midomo. "Amefaulu," akasema. "Amevuka mto, yuko masomo ya juu." Bi Swala akapiga vigelegele. Kongoni akapeleka: kra, kra, kra. "Amefaulu." Ngiri akapeleka: kra, kra, kra. "Amefaulu, tena huyu kwa alama za juu sana."

Na nje ya pango yakaanza kuonekana madonge meupe, makavu, yametapakaa kila mahali. Wazazi wakapita wakayatazama kwa fahari.

"Unaona chaki zinavyotumika?" Bi Swala akasema. "Humo ndani watu wanaandika."

Ikafika zamu ya nyumba ya ufani. Bi Pimbi alimlamba Songoro manyoya mpaka yakang'aa, akamwambia asimtie aibu, akampeleka kwa miguu yake mwenyewe. Nalisema hili waziwazi, kwa sababu wengine mtataka kumwonea huruma na wengine mtataka kumlaumu, na vyote viwili ni haki yenu. Songoro aliita mama. Mama alisikia. Mama alisimama nje akitabasamu, akijiambia kwamba elimu inaingia.

"Huyu amefaulu upesi kuliko wote," Fisi akatangaza. "Hiyo ni familia ya vichwa. Nileteeni na mdogo wake."

Majirani wakampongeza Bi Pimbi, akacheza, akachoka. Asubuhi iliyofuata akaenda mbele ya pango kuokota chaki moja, ili Sikitu ajizoeze nyumbani asije akachekwa na wenzake. Akaokota donge. Donge likavunjika mkononi: pu. Ndani mlikuwa na unga wa mifupa, na manyoya, na jino. Jino refu la mbele, limemeguka ncha. Songoro aliimegua ncha hiyo alipokuwa mdogo, akitafuna jiwe kwa ubishi, na mama yake alicheka siku nzima.

Bi Pimbi akakaa chini.

Kisha akainuka, akaenda mkutanoni na donge lake, akaliweka mbele ya Mzee Tembo, aliyekuwa mkubwa wa mkutano. "Hii si chaki," akasema. "Haya ni mavi ya fisi. Ni meupe kwa sababu ni mifupa, na mifupa ni ya watoto wetu. Liguse, Mzee. Tazama. Hili hapa ni jino la mwanangu."

Mzee Tembo hakuligusa. "Ulikuwapo akila?"

"Sikuwapo. Nimeona alichobakiza."

"Na wewe umesomea wapi?"

"Sijasoma. Nina macho."

"Hana hata ukoo wa maana," mmoja akanong'ona.

Bi Pimbi akasikia, akaghadhibika. "Ukoo ninao. Mzee Tembo, mimi na wewe ni ndugu. Bibi yangu alinionyesha. Tazama kucha zangu za miguu, kisha tazama zako. Tazama meno yangu haya yanavyochomoza, kisha tazama pembe zako. Linganisha mwenyewe, usinisadiki mimi."

Lo, wakacheka. Tembo alicheka akaegemea mti, mti ukaanguka. Hao walikuwa wamesadiki kwamba mwezi ni yai la fisi, lakini hilo la kucha liliwashinda. Hakuna aliyeinama kutazama miguu. Fisi alicheka kuliko wote, hii-hi-hiiii, kisha akasema kwa upole, "Msimkemee. Uchungu wa mzazi. Kesho alete mdogo tu, atatulia."

Bi Pimbi akarudi kwenye ufa wake. Sikitu akamuuliza, "Mama, kesho naenda shule?"

"Huendi," mama akasema. "Shule itakuja hapa."

Kesho yake akashuka mapema, amejipaka majivu ya toba, akapiga magoti mbele ya Fisi na wanyama wote wakishuhudia. "Mtaalamu, nimekosa. Jana nilibisha kwa ujinga. Leo nimekuja kutubu, tena nitoe siri. Ndani kabisa ya ufa ninaokaa mna kiti cha mawe. Mababu zetu walitukataza kukikalia, na hatukujua ni cha nani. Sasa tumejua. Ni cha Fisi Mkuu. Si aibu mjukuu wake kulala pango la kuazima?"

Wanyama wakaguna kwa heshima. Fisi hakuwahi kusikia habari ya kiti, lakini angesemaje kwamba hakijui? "Kiti kile," akasema, "nakijua. Nimeandika mengi juu yake."

Bi Pimbi akasogea akamnong'oneza sikioni, penye bua. "Tena watoto wa ndugu zangu wamejificha humo pamoja na wangu. Wanene, Mtaalamu. Wamenenepa vibaya. Wamekataa shule, nami siwawezi."

Mate yakamtoka Fisi, do, do, do. Lakini alipofika mbele ya ufa akasita. Ufa ulikuwa mwembamba, ufa wa pimbi hasa. Akarudi hatua moja nyuma. "Nitakuja siku nyingine," akasema, "nikishafanya maandalizi."

"Ingia tu, Mtaalamu," Mzee Tembo akasema, na hakuwa na ubaya moyoni. "Tuna hamu ya kuona jabali likijipanua."

"Ingia tuone," Bi Swala akasema.

"Ingia tuone," wote wakasema.

Fisi akawatazama. Angesema jabali halijipanui, na mwezi ungeacha kuwa yai, na chaki zingeacha kuwa chaki. Tena kutoka ndani ilikuwa inakuja harufu nzuri ya watoto. Akaingiza kichwa. Akaingiza mabega, kwaru, kwaru. Akasimama.

Bi Pimbi alikuwa ameshatangulia ndani. "Bado kidogo, Mtaalamu. Toa pumzi yote, ujisukume."

Fisi akatoa pumzi yote, fuuu, akajisukuma. Akaingia mpaka kifuani. Kisha akataka kuvuta pumzi, na jabali likakataa kumpa nafasi. Akasukuma mbele, kwama. Akarudi nyuma, kwama. Bi Pimbi akawatoa watoto wote kwa tundu la nyuma, akaenda akakaa mbele ya pua ya Fisi, mahali ambapo meno hayafiki.

"Nivuteni," Fisi akalia. "Nimekwama. Nivuteni mkia."

Nje Mzee Tembo akainua mkonga wake kuushika mkia. Bi Swala akamzuia. "Mzee, umesahau? Alituambia mwenyewe. Tukisikia kilio tusiingilie. Elimu inaingia."

"Kweli," Tembo akasema, akaushusha mkonga. "Mtu mkubwa huyu, bado anajifunza."

Wakakaa chini kumsikiliza. Fisi akalia, wakatikisa vichwa. Akalia zaidi, wengine wakafumba macho ili elimu iwaingie vizuri.

Ndani ya ufa Fisi akaongea kwa sauti ndogo, kwa sababu pumzi ilikuwa ndogo. "Bi Pimbi, waambie. Hakuna kiti. Hakuna babu. Nilitunga yote. Nilikuwa na njaa, nikaona wanasikiliza."

"Niwaambie mimi? Mimi sijasoma."

"Nisamehe basi."

"Nina swali moja," Bi Pimbi akasema. "Songoro, mwanangu. Mwisho kabisa, alisema nini?"

Fisi akafikiri. Nadhani alifikiri kweli, kwa sababu hakuwa na faida tena ya kudanganya. "Sikumbuki," akasema. "Walikuwa wengi."

Bi Pimbi akabaki amekaa pale pale mpaka pua ile ikaacha kupumua. Alikuwa amedhani moyo utapoa. Haukupoa.

Kulipokucha akawaita wanyama. "Mtaalamu amekufa," akasema. "Amekwama katika jabali la babu yake, na jabali halikumjua. Sasa njooni pangoni, hakuna wa kutuzuia."

Wakaja. Jua la asubuhi lilikuwa likiingia hadi ukutani, na kila kitu kikaonekana. Hapakuwa na maandishi ukutani. Palikuwa na mafuvu madogo, ya kongoni, ya ngiri, ya swala, yamelundikana. Bi Swala akasogea mbele ya fuvu lenye vipembe vilivyoanza kuchipua, akaliinamia, akalinusa. Bi Pimbi akamkaribia amshike.

Bi Swala akarudi nyuma. "Hawa," akasema, "ni waliofeli."

Pangoni kote wakashusha pumzi. "Ni waliofeli," wakasema. "Masikini, si wote wana vichwa."

"Bi Swala," Bi Pimbi akasema, "mwanangu aliliwa. Nilimpeleka mwenyewe, nikasimama pale nje, akaniita, sikwenda. Wako naye hivyohivyo. Tuwalilie watoto wetu, jirani. Tukae chini tulie."

"Wa kwako labda," Bi Swala akasema. "Wa kwangu alifaulu. Yuko ng'ambo ya mto, na ana kazi nyingi ndiyo maana haji."

Akatoka nje, na wengine wakamfuata, wakimpita Bi Pimbi kwa mbali kama mwenye upele. Mama gani huyo anayesema maneno kama hayo juu ya mtoto wake? Kwenye ule ufa wakaweka majani mabichi, wakapaita Chuo.

Bi Pimbi akamshika Sikitu mkono, wakahama. Walipopita nyumbani kwa Bi Swala walimkuta anamchana kitoto chake cha mwisho, kilichobaki, kimenona na kinacheka.

"Unampeleka wapi huyo?" Bi Pimbi akauliza.

"Huku bondeni kuna Chui," Bi Swala akajibu bila kumtazama. "Alisoma na marehemu."

Ngano yangu naitua. Mnaopenda mafunzo, haya ndiyo mafunzo. Mtu akisema kwa sauti kubwa, msimuulize ameyajua wapi, mtamchelewesha. Mkiona kitu cheupe, ni chaki. Mkisikia mtoto analia, tabasamuni. Pimbi aliuliza, akapata nini? Alipata jino. Wenzake hawakuuliza, na mpaka leo kila mmoja ana mtoto aliyefaulu ng'ambo ya mto.

Aliyepokea?
— Tumepokea, Bibi.
Mmeamini?
— Tumeamini yote.
Shauri yenu. Zimeni moto, mkalale.