Ngozi ya Mshale

Ijumaa moja, saa kumi na moja kasorobo jioni, Musili alimpiga mshale kuku wa shangazi yake. Mambo yalianzia hapo, lakini ili tuelewane ni lazima nirudi nyuma kidogo.

Mtu mmoja alikuwa na watoto wawili, Musili na dada yake Kavindu, na mali yake yote ilikuwa mbuzi wachache na mishale ya sumu. Alipokufa, mbuzi waligawanywa sawasawa, na mishale vilevile. Kila mshale ulikuwa umefungwa ukanda wa ngozi laini, uliozungushwa kuanzia nchani mpaka pale chuma kinapoingia kwenye mti. Baba yao alikuwa amewaambia wote wawili neno lilelile: ngozi inailinda sumu na jua, na inawalinda watu na sumu. Musili alikumbuka kwamba baba alisema kitu kuhusu ngozi. Kavindu alikumbuka alichosema.

Musili alikuwa mtu wa haraka. "Mwizi hasubiri mtu avue ngozi," alisema. Akaifungua mishale yake yote, akaichomeka wazi kwenye ukingo wa paa, upande wa machweo, mahali ambapo mkono ungeifikia bila kutafuta. Kavindu aliiacha yake ndani ya podo, ikiwa imefungwa. Ila kila jioni, akishamaliza kukama, alichukua mshale usio na sumu, maana mazoezi si sababu ya mtu kufa, akauvisha ngozi na kuuvua, akauvisha na kuuvua, mpaka vidole vyake vikaweza kuiondoa yote kwa muda ambao mtu huchukua kumwita jirani mara moja. Waliopita njiani walimcheka. "Kavindu, unamvisha bwana harusi?"

Basi Ijumaa hiyo shangazi yao, Mbinya, alikuja kuwasalimu. Hakupitia mbele. Alizunguka nyuma ya zizi kufuata kivuli, na kwapani alikuwa amembana mtetea wa zawadi. Musili akasikia majani yakichakarika, akaona kitu kikisogea kati ya miti ya zizi, akavuta upinde. Hakuuliza ni nani. Mshale ulipenya kwenye paja la kuku, nusu shibiri kutoka kwenye mbavu za shangazi.

"We Musili!" shangazi akapiga kelele. "Nimekuletea kitoweo, nawe unataka kunifanya mimi kitoweo?"

Halafu wote wakamtazama kuku, maana sumu ile ikishaingia kwenye damu haina subira. Wakauchomoa mshale, wakamlaza chini taratibu kama mgonjwa wa heshima. Kuku akatazama huku na huku. Akasimama, akachechemea hatua chache, akaanza kudonoa. Kesho yake akataga. Jua lilikuwa limekwisha kuila sumu yote, likamwachia Musili vijiti tu. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaikumbuka ile nusu shibiri, akaacha kucheka. Akasema hatarudi kwake mpaka kuku apone.

Jumamosi ilikuwa siku ya gulio, na Mbinya hakuwa mtu wa kufunga kinywa mbele ya watu wengi. Kufikia mchana, wauza viazi na wauza kamba wote walikuwa wanaijua habari ya kuku. Aliijua pia mwizi mmoja wa ng'ambo ya mto.

Jumapili, jua likiwa bado juu ya vilima, mwizi yule aliingia zizini na panga mkononi, bila kujificha, akamkamata mbuzi wa maziwa wa Kavindu, yule ambaye bila yeye Kavindu angekunywa chai kavu mwaka mzima. Shangazi Mbinya, aliyekuwa anamlisha kuku wake pale karibu, akamrukia mbuzi na kumshika mguu wa nyuma.

"Achia, mama, nitakukata."

"Kata! Utaambulia mifupa, nyama iliisha zamani!"

Mwizi akainua panga juu ya shingo ya shangazi. Musili alikuwa amekwisha kuvuta upinde, na mshale wake ulielekea kifuani mwa mtu yule, lakini mwizi alimtazama akatabasamu. "Piga tu, ndugu yangu. Nasikia kuku wenu anataga." Musili akaulegeza upinde, kwa sababu alijua, na mwizi alijua kwamba anajua.

Ndipo Kavindu alipotoka jikoni, vidole vikiivua ngozi huku akitembea. Ukanda ulianguka miguuni pake. Sumu ilikuwa nyeusi, mbichi, inang'aa kama lami. Akavuta upinde mpaka kamba ikagusa shavu.

"Shusha panga," akasema, mara moja tu.

Hakuwa anatishia tu. Lau panga lile lingeteremka hata upana wa kiganja kuielekea shingo ya shangazi, angeachia mshale, na mtu yule angekufa palepale. Na Kavindu angemlilia miaka yote bila kujilaumu hata siku moja. Mwizi aliitazama ncha. Akautazama na ukanda uliolala vumbini, akaelewa kwamba amekutana na mtu asiye na haraka. Akafungua vidole, panga likaanguka. Shangazi akamwachia mbuzi ili ajishike shingo, ahakikishe kama bado ipo. Mwizi naye, kwa kuwa hakuja pale kutembea, akamtupa mbuzi begani na kutimua mbio.

"Mpige!" Musili akapaza sauti. "Mgongo ule pale, mpana kama mlango! Anaondoka na maziwa yako!"

Kavindu akashusha upinde. "Ngozi niliivua kwa ajili ya panga," alisema, "na panga lile pale chini."

Majirani waliokuja mbio walisema huo ni woga. "Sumu nzuri, mkono mbovu," mmoja akasema. Shangazi Mbinya akamjibu kwamba mwenye maoni kuhusu jambo hili alete kwanza shingo yake iwekwe chini ya panga, ndipo aongee, na aongee polepole. Wakacheka wote, hata yule mwenye maoni. Kavindu peke yake hakucheka. Alikuwa anautazama mshale mikononi mwake, na mbuzi akisikika kwa mbali akilia.

Ninyi mnaoniuliza ni lini mtu anaweza kuua na mikono yake ikabaki safi, sina jibu refu kuliko panga lile. Lilikuwa juu ya shingo, halafu likawa chini, na katikati yake haukupita muda wa kupepesa jicho. Mtu alikuwa yuleyule. Wizi ulikuwa uleule, tena sasa mbuzi alikuwa begani kabisa, na hasira ya mwenye mbuzi ilikuwa imeongezeka, haikupungua. Je, ungekuwa wewe umeushika upinde, ungeona kwamba kuna kitu kimebadilika?

Jumatatu asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, Kavindu aliloweka ukanda katika maji, akaufunga mshale wake upya, kuanzia nchani. Musili akaja na mishale yake yote, akaiweka mbele ya dada yake. Kavindu alimwonyesha jinsi ya kuzungusha, wakaifunga pamoja, ingawa sumu yake ilikwisha kufa, ili mkono wa Musili uzoee. Kisha Kavindu akautundika upinde mahali pake, akaokota kamba ya mbuzi iliyokuwa imebaki zizini bila mbuzi, na akaenda nayo kwa wazee kumdai mbuzi wake, shangazi Mbinya akimfuata nyuma na panga la mwizi mkono mmoja, na kuku kwapani.