Njia ya Bi Sange Haifi

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipojenga nyumba, wakapika wali na kuendesha magari, alikuwepo Bi Sange. Hamumjui? Ni yule mnyama mdogo, panya si panya, mwenye kipua kirefu kinachochezacheza na vijiguu vyembamba kama njiti za kiberiti. Msimcheke! Wapo waliomcheka, na hao ndio nitakaowasema leo.

Bi Sange alikuwa na watoto wawili, na alikuwa na njia. Njia yenyewe ilianzia mlangoni kwake, ikapita nyuma ya nyumba ya Bwana Kiboko na ya Bwana Nyati, ikaenda mpaka kisimani, dukani na shuleni. Kila asubuhi aliifagia, fya! fya! fya! Kisha aliwapitisha watoto wake humo. Barabara kuu aliiogopa, na alikuwa na haki ya kuiogopa. Gurudumu halimwoni sange.

Sasa sikilizeni sheria ya mji ule. Njia ikiota nyasi, imekufa, na ardhi yake wanagawiwa majirani. Jumbe Twiga alizikagua njia zote mara moja kwa mwaka, masika yakiisha.

Bwana Kiboko alikuwa na gari moja, akataka la pili, lakini hakuwa na pa kuliweka. Bwana Nyati naye vivyo hivyo. Wakanong'onezana.

"Ile njia ya nyuma ikifa," alisema Kiboko, "nusu yangu, nusu yako."

"Itakufaje, na watu wanapita?"

"Tuwapandishe magari. Bure!"

Basi mji ukawa honi tupu. Piii! Piiii! Ngiri akitaka chumvi, anapelekwa kwa gari. Nungunungu akitaka kiberiti, na duka analiona lile pale, anapelekwa kwa gari. Miiba yake ikatoboa viti vyote vya nyuma. Kiboko akameza hasira, akatabasamu. Watu wakazoea kubebwa, mvua ikanyesha, na nyasi zikaota njiani mpaka zikampita Bi Sange kichwa.

"Panda, Bi Sange!" Kiboko alimwita kila siku.

"Ahsante, miguu ninayo."

"Jua kali, jirani!"

"Nalijua. Ndilo lililomwakia bibi yangu, naye alitembea."

Nyati alitoa kichwa dirishani. "Ha! Maskini mwenye kiburi!"

"Kiburi changu hakijakuomba petroli," alijibu Bi Sange, akaendelea na safari yake, tipu tipu tipu.

Lakini zikabaki siku kumi tu ukaguzi ufike. Bi Sange alifagia, nyasi zikaota. Akazing'oa kwa meno, zikaota tena. Siku ile alikaa katikati ya njia akalia, na machozi yale yalikuwa ya hasira. Watoto wangu wapite wapi? Chini ya magurudumu?

"Nyayo zangu ni nyepesi," alisema, akipangusa pua. "Njia hii inataka nyayo nzito."

 Kisha akacheka peke yake.

"Na majirani wazito ninao!"

Akaenda kwa Bwana Kiboko, akamkuta anaosha gari.

"Hodi, jirani. Nimesikia jambo, ila sisemi. Mimi si mtu wa maneno."

"Sema!"

"Bwana Nyati anasema miguu yako imekufa. Anasema siku ya ukaguzi, mbele ya Jumbe na mji mzima, atashindana nawe kwa kutembea tu, kutoka kisimani hadi dukani. Anasema hutafika nusu, utakaa chini kama gunia."

"Mimi? Mimi!" Kiboko alitupa kitambaa chini. "Tazama!"

Akatembea kutoka barazani mpaka getini. Ndi! ndi! ndi! Hhh! Hhh! Akashika nguzo ya geti, macho yamemtoka.

"Lo!" alisema Bi Sange. "Itabidi ufanye mazoezi. Zimebaki siku kumi."

"Barabarani? Wanione natembea? Watasema nimeuza gari! Watasema nimefilisika!"

"Kweli. Ipo njia yangu, ina nyasi ndefu, huonekani. Lakini hapana! Njia yangu simpi mtu."

"Unaninyima mimi?"

"Nakunyima, ndiyo."

"Basi nitapita kwa nguvu! Kesho alfajiri, na utanifanya nini?"

Bi Sange aliinamisha kichwa kama mtu aliyeshindwa. Moja kwa moja akaenda kwa Bwana Nyati.

"Hodi, jirani. Bwana Kiboko anasema miguu yako imekufa..."

Mnajua yaliyobaki. Nyati alikoroma, akajaribu kuzunguka nyumba yake mara moja, akaanguka kwenye maua ya mkewe. Naye akanyimwa njia, naye akasema atapita kwa nguvu, alasiri, watu wakiwa wamelala baada ya chakula.

Ikawa hivyo. Alfajiri, Kiboko: ndi! ndi! ndi! Alasiri, Nyati: kwata! kwata! kwata! Siku ya kwanza walihema. Siku ya nne waliacha kuhema. Siku ya saba kila mmoja alikwenda na kurudi mara tatu. Mbona hawakukumbuka kwamba njia ileile ndiyo wanayotaka ife? Enhe, mtu akishaogopa kuchekwa, hakumbuki hata alichokipanga mwenyewe. Nyasi zikalala, zikakauka, zikawa vumbi.

Siku ya ukaguzi ikafika. Jumbe Twiga alikuja kwa miguu, maana gari lenye paa la kumtosha shingo halijatengenezwa. Mji mzima ukamfuata, wengi wamebebwa na magari ya Kiboko na Nyati, na kila mmoja wa hao wawili akingoja mwenzake atangaze shindano.

"Nani anadai njia hii imekufa?" aliuliza.

Kiboko aliruka mbele. "Mimi, Jumbe! Hapiti mtu humo ila huyu kijidudu, na nyayo zake hata sisimizi hazisikii!"

"Nami nashuhudia!" alisema Nyati.

Jumbe alishusha shingo, polepole, mpaka pua ikagusa ardhi. Njia ilikuwa nyekundu, ngumu kama sakafu, na vumbi laini juu yake.

"Hapiti mtu?" alisema. "Na hizi nyayo pana kama sinia ni za nani?"

Kiboko akarudi nyuma hatua moja.

"Bwana Kiboko, hebu weka mguu hapa."

"Jumbe, mimi nina gari..."

"Weka mguu!"

Kiboko akaweka. Dip! Ukaingia sawasawa.

"Kwa! kwa! kwa!" Nyati alicheka hadi akashika mbavu. "Kumbe Kiboko anatembea kwa kujificha!"

"Na hizi kwato?" aliuliza Jumbe.

Nyati akaacha kucheka. Mji mzima ukaanza.

"Njia iko hai," alisema Jumbe Twiga. "Na waliodai imekufa ndio walioikanyaga kuliko wote. Hakuna gari litakalowekwa hapa."

Kiboko alimgeukia Bi Sange. "Kumbe hakuna shindano! Umenidanganya!"

"Nimekudanganya!" alisema Bi Sange, kipua juu. "Na wewe ulibeba mji mzima bure, ukauita wema, kumbe unawatoa watu njiani ili watoto wangu wasagwe. Mimi nimekudanganya ukapata miguu. Wewe ulitudanganya tukakaribia kuipoteza yetu. Shtaki!"



"Shuka," Ngiri alimwambia Nungunungu, aliyekuwa bado ndani ya gari la Kiboko. "Twende zetu nyumbani kwa miguu."

Wakashuka wote magarini, mmoja mmoja, wakaifuata ile njia. Mbele yao walitangulia watoto wawili wa Bi Sange, wamebeba mikoba ya shule, wakikimbia bila kutazama nyuma.

Yangu yameishia hapo, wajukuu, nanyi mkaseme hivi: anayekucheka kwa kwenda kwa miguu, mwulize kwanza njia yako anaitakia nini.