Mkanda Uliochunguliwa

Wapendwa, zamani kidogo, kabla simu hazijaanza kupiga picha, kulikuwa na mwanamume mmoja aliyefanya kazi ng'ambo. Mama yake aliugua sana, na mama huyo hakuwahi kupigwa picha maishani mwake. Mwana akanunua kamera na mkanda mmoja wa picha, akafunga safari.

Muuza duka alikuwa amemwonya kwamba mashine ya ukaguzi ya uwanja wa ndege huunguza mikanda, kwa hiyo aombe ukaguliwe kwa mkono. Akaomba. Afisa akakubali vizuri tu, akauchukua, akageuka nao pembeni, akaurudisha akitabasamu.

Sasa tabasamu lile ndilo lililomsumbua njia nzima. Kwa nini akubali upesi hivyo? Kwa nini ageuke? Na kama ameupitisha kwenye mashine kwa siri? Na kama ameubadilisha? Abiria wenzake wanakula, yeye amekodolea macho kikopo cha mkanda.

Alipofika nyumbani, mama alikwisha kujitanda kanga mpya, amekaa uani anangoja. Mwana akamwambia asubiri kidogo. Akajifungia chumbani, akashusha pazia, akauvuta mkanda wote nje aukague. Gizani ataona nini? Akafunua pazia. Kidogo tu.

Mnacheka. Mkanda ule ulikuwa mzima mpaka dakika ile mwanga ulipougusa ukauunguza.

Akatoka. Mama akauliza, "Mwanangu, mbona hupigi?"

"Mkanda umeungua, mama."

"Nani kauunguza?"

"Yule afisa wa uwanja wa ndege."

Mama akaivua kanga, akaikunja. Wiki ile ile akazikwa, na wajukuu hawaijui sura yake.

Niambieni, angejuaje kuwa mkanda ni mzima? Angempiga mama picha, basi. Njia nyingine haikuwepo.

Na sisi je? Mume amechelewa kazini, tunamnusa shati. Mke ameingia bafuni, tumeshika simu yake. Rafiki ametusaidia kwa moyo mweupe, tunajiuliza anataka nini. Kuulizana si dhambi, ulizaneni. Lakini uaminifu wa mtu hauchunguliwi kwa kufunua pazia. Huonekana kwa kuishi naye. Nyumba zetu nyingi hazikuunguzwa na mtu wa nje. Tumeziunguza wenyewe tukikagua, kisha tukatoka uani na kumtaja afisa.