Ndoo ya Mbayuwayu

Kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga gizani, ti-ti-ti, kikisukumwa na mvuke. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, na jikoni hapakuonekana kitu ila wekundu wa makaa. Bibi Tusekile alinyoosha mkono akakisogeza kifuniko pembeni. Kelele ikakoma, na wajukuu wake wakapata nafasi ya kuuliza.

Muda mfupi kabla ya hapo walikuwa wamemsikia mama yao akizungumza na mjomba wao kwa simu. Mjomba alitaka yeye ndiye akae kiti cha mzazi siku ya mahafali ya Ipyana, ingawa miaka yote ya shule hakuwahi hata kuulizia daftari. Mama hakugombana naye. Alisema tu, "Kaka, mwenye timu ni mfua jezi," kisha akamwuliza mahindi ya huko yanaendeleaje. Ipyana alicheka. Mdogo wake Bupe, aliyekuwa darasa la pili, hakucheka. Alitaka kujua jezi zimeingiaje kwenye mahafali.

"Mwenye timu ni mfua jezi," Bibi alirudia taratibu, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. "Watu hudhani neno hili limeshuka na mvua. Limetoka mtaa wetu huu wa Kisimani, na aliyelisababisha alikuwa mgeni kutoka Tabora. Sogeeni kwenye moto niwaambie lilivyoanza."

Mgeni huyo aliitwa Kalunde. Alifika Mbeya na mumewe Masanja, fundi wa kuchomelea vyuma, pamoja na binti yao Nyamizi. Walifika majira ya baridi, wakati ukungu unashuka kutoka mlima Loleza na kulala juu ya mabati hadi jua liwe juu. Kalunde hakuwahi kuona baridi ya namna ile. Lakini baridi huzoeleka kwa sweta. Kilichomsumbua ni swali.

Kisimani kulikuwa na timu mbili, na mtu aliulizwa timu yake kabla ya kuulizwa jina. Upande wa juu walikaa Chui. Hao walikuwa na jezi za rangi ya chungwa zenye madoa meusi, na walikuwa na tarumbeta na vikombe dukani kwa mwenyekiti wao. Upande wa chini walikaa Mbayuwayu. Hao walikuwa na seti moja tu ya jezi nyeupe za pamba, na ndoo ya kuzibebea. Chui walizoea kushinda, Mbayuwayu walizoea kusema, "Tutaonana mwakani."

Tena timu pale haikuwa mpira peke yake. Ukifiwa, watu wa timu yako ndio waliotangulia kufika na maturubai na masufuria. Ukiuguza, ndio waliokesha nawe. Kalunde aliliona hilo wiki ya kwanza tu, likamchoma, maana Tabora alikuwa ameacha watu waliokuja bila kuitwa. Hapa, ikitokea usiku mtoto amepandwa na homa, agonge kwa nani?

Masanja alikuwa mtu wa kupima mara nyingi kabla ya kukata. Siku moja akiwa buchani, alipoulizwa timu, alijibu kwamba wao ni wageni, hawana haraka. Wangengoja hadi Chui na Mbayuwayu wamalize mechi zao zote mbili za mwaka, na atakayeshinda ndiye wangemfuata. Aliona amejibu kwa busara. Lakini alipofika nyumbani na nyama yake, jina lilikuwa limeshamtangulia mlangoni. Nyumba yao ikaitwa Nyumba ya Sare. Kalunde akawa Mama Sare, na kila alipopita kisimani wanawake wa pande zote mbili walimsalimu kwa heshima na kumcheka kwa heshima ileile.

Mtu mzima huvumilia utani. Mtoto je? Wasichana walipokusanyika kucheza rede walijigawa, Chui huku, Mbayuwayu kule, na Nyamizi akabaki katikati. Wakamwambia, "Wewe Sare, kazi yako kuokota mpira." Akauokota. Kila jioni alirudi nyumbani na mikono ya vumbi, akanawa, akala, asiseme kitu. Mama yake alimtazama akaona afadhali angelia.

Sasa, Mbayuwayu walikuwa na desturi yao, ile tunayoifuata hadi leo. Baada ya kila mechi ndoo ya jezi ilipita nyumba hadi nyumba kwa zamu. Nyumba iliyopokea ndoo ilifua, ikaanika, ikapiga pasi, na siku ya mchezo mfuaji alisimama mwenyewe kando ya uwanja akamkabidhi kila mchezaji jezi yake mkononi. Mchezaji hakuvaa jezi aliyojichukulia. Mlinzi wa desturi hiyo alikuwa Mzee Lwitiko, golikipa wa zamani, ambaye vidole vyake viwili vilipindwa na mpira visinyooke tena.

Mechi ya kwanza ya mwaka ule Chui waliwafunga Mbayuwayu mabao sita. Jioni hiyo walitembeza jeneza la maboksi mtaa mzima, wakalia kilio cha uongo, na wengine walijifunga kanga kiunoni kama wafiwa. Jeneza lilikuwa bado linapita Mzee Lwitiko alipopiga hodi kwa Kalunde na kuweka ndoo kizingitini.

"Mzee, umepotea," Kalunde alimwambia. "Hapa si kwa Mbayuwayu. Hapa wanatuita Sare."

"Nimesikia, mwanangu. Lakini ndoo haisikii. Yenyewe inafuata milango, na wapangaji waliokutangulia walikuwa kwenye zamu. Kama hutaki, isogeze mlango unaofuata. Hakuna atakayekununia."

Akaenda zake. Masanja alisema waisogeze. Bosi wake karakana alikuwa Chui wa kufa na kupona, na mgeni hajengi nyumba kwenye mkondo wa maji. Kalunde alikubaliana naye, akainama kuinua ndoo. Lakini Nyamizi alikuwa ameshaifungua. Alikuwa ametoa jezi namba tisa yenye tope hadi mabegani, ameilaza magotini, na alikuwa akiinyoosha kola yake kwa kidole, polepole, kama anayemnyoosha nywele mdogo wake. Kalunde akaiacha ndoo pale ilipo.

Mvua zilikuwa zimeshaanza, wiki nzima hazikukatika, na mechi ya pili na Chui ilikuwa Jumapili. Ijumaa Kalunde aliona akingoja jua ataumbuka, akaloweka jezi. Alizisugua kwa mikono hadi tope lote likatoka. Kisha, kwa kuwa alitaka ziwe nyeupe kuliko zilivyowahi kuwa, akafanya alivyofundishwa na mama yake. Alikoroga buluu ya kufulia, ile ya unga inayong'arisha nguo nyeupe, akamimina pakiti nzima, akazilaza humo hadi asubuhi.

Tabora pakiti nzima ilikuwa kipimo sawa, maana maji ya kisima chao yalikuwa mazito na mekundu. Maji ya Mbeya yanatoka mlimani, laini kama machozi. Hayakuwa na kitu cha kupigana na buluu ile. Asubuhi Kalunde aliinua jezi ya kwanza, akaona ameshika kipande cha mbingu.

Alisuuza hadi ncha za vidole zikakunjamana. Rangi haikutoka. Aliketi kwenye kigoda, jezi zikimchuruzikia miguuni. Masanja aliporudi hakumkaripia. Alisema kwa sauti ya chini kwamba njia ingalipo, wairudishe ndoo kwa Mzee Lwitiko giza likiingia, waseme waliikuta hivyo, na kesho waende upande wa Chui. Watu wangecheka wiki moja wakasahau.

Kalunde alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwomba awashe makaa ya pasi.

Hadi usiku wa manane walikausha na kunyoosha. Nyamizi alikunja, Masanja alipuliza makaa. Jumapili ilipofika wakati wa kwenda uwanjani, Kalunde akatafuta ndoo asiione. Masanja alikuwa ameshajitwika. Akaipitisha katikati ya upande wa juu, mbele ya duka la mwenyekiti wa Chui, bosi wake akiwa amekaa pale na soda mkononi. Mwanamume mzima na ndoo ya nguo kichwani. Walimpigia tarumbeta. Hakugeuka.

Uwanjani ndoo ilipofunguliwa, kicheko kilianzia kwa Chui kikazunguka uwanja wote. Mmoja aliuliza kama wametoka nazo wodini. Wachezaji wa Mbayuwayu walizitazama jezi zao kama watu walioletewa mtoto asiye wao. Kisha mwamuzi akaja, kijana aliyetumwa kutoka wilayani, amekunja uso.

"Timu hii imeandikishwa kwa jezi nyeupe," alisema. "Hizi siyo. Nikitaka nitawapa Chui ushindi wa mezani. Mwenye timu ni nani? Ajibu."

Mwenyekiti wa Mbayuwayu, aliyezoea kuhutubia hata kwenye kipaimara, ghafla aliona viatu vyake vina kamba za kufunga. Katibu akajificha nyuma ya mwavuli. Maana kosa lilikuwa kubwa, na mwenye timu ndiye angeandikiwa. Kalunde alijua akinyamaza na yeye, hakuna atakayemlaumu. Yeye ni mgeni. Angerudi nyumbani na jina lake la Sare, na Nyamizi angeendelea kuokota mpira.

Akapiga hatua mbele.

"Mimi ndiye niliyezifua," alisema. "Nilikosea kipimo cha buluu. Zilikuwa nyeupe, na mikono hii ndiyo iliyozigeuza. Kama kuna wa kuandikwa, niandike mimi. Lakini hawa wana wamekuja kucheza, usiwarudishe nyumbani kwa kosa langu."

Mwamuzi akamtazama kuanzia kilemba hadi vidole vyenye buluu kwenye kucha. "Mama, nimeuliza mwenye timu. Wewe ni nani katika timu hii? Una kadi?"

Aliyejibu ni Mzee Lwitiko. Alitoka kwenye benchi lake akaja akasimama ubavuni mwake.

"Kijana, kadi zipo nyingi, na wenye kadi umewaona walivyokukimbia," alisema. "Hapa kwetu mwenye timu ni mfua jezi. Umemuuliza, amekujibu. Sasa tuambie, buluu na chungwa zinafanana? Utashindwa kumtambua nani?"

Mwamuzi aligeuka akawatazama Chui, akawatazama Mbayuwayu, akakuna shingo. Hazikufanana hata kidogo. Akasema wavae, mpira uanze.

Nahodha wao, Anyosisye, ndiye aliyetangulia. Alikuja mbele ya Kalunde akapokea jezi yake kwa mikono miwili, akainamisha kichwa na kusema, "Ndaga, mama," yaani asante. Wakafuata wote, mmoja mmoja, na kila mmoja alipoivaa, wale wa upande wa chini walianza kupiga makofi. Kabla ya namba kumi na moja hakuna aliyekuwa anacheka tena.

Msije mkadhani walishinda. Walifungwa moja, dakika za mwisho, baada ya kucheza kama watu wanaolinda kwao. Tarumbeta za Chui zikalia. Mama mmoja wa Chui, jirani mwema tu, alimjia Kalunde akamshika bega.

"Mama Sare," alimwambia, "si mlisema mtamfuata atakayeshinda? Basi njooni, leo tuna pilau."

Kalunde alikuwa ameinama, anapokea jezi zenye tope na kuzirudisha ndooni. Alinyooka. Na watu waliokuwapo husema hajawahi kuonekana mrefu kama siku ile.

"Asante, dada, pilau yenu naijua ni tamu," alisema. "Lakini mimi ni Mbayuwayu. Tumefungwa. Tutaonana mwakani."

Jina la Sare lilifia hapo uwanjani. Kesho yake wasichana walipogawana kwa ajili ya rede, Nyamizi aliitwa upande wa chini kabla hajafika. Na ilipofika masika, Nyamizi alipopandwa na homa usiku, Kalunde hakugonga mlango wa mtu. Taa za majirani wa Mbayuwayu zilimfuata yeye. Mbayuwayu walipopata fedha za seti mpya, walipiga kura ya rangi, na hakuna aliyenyoosha mkono kwa nyeupe. Hata bosi wa karakana alikuja kukiri kwa Masanja, kwa shingo upande, kwamba mbayuwayu na rangi ya mbingu vinaendana.

Bibi Tusekile alimimina chai, akaweka kikombe cha kwanza mbele ya Ipyana. Akawaeleza kwamba toka siku ile watu wa Kisimani wakaanza kulitumia neno la Mzee Lwitiko hata pasipo na mpira. Mtu akija kudai shamba ambalo hakulilima, huambiwa. Baba akikumbuka mtoto siku ya mahari, huambiwa. Na mgeni akihamia mtaani akauliza itachukua muda gani hadi awe mwenyeji, naye huambiwa, ila yeye huambiwa kwa kumtia moyo. Haulizwi alizaliwa wapi, wala alifika lini, wala kadi yake ipo wapi. Mwenye timu ni mfua jezi.

Wakanywa chai. Ipyana hakucheka tena. Alisema kesho atampigia mjomba mwenyewe, amwambie kiti cha mzazi ni cha mama. Bupe alishika kikombe kwa mikono yote miwili, akitazama makaa.

"Bibi," alisema, "ndoo ikifika kwetu, nitafua mimi."