Nafasi Iliyobaki Kwenye Sidii

Wapendwa, twendeni kidogo milimani Upare, tukamtembelee mwalimu mmoja wa kwaya aliyeitwa Mndeme. Ilikuwa enzi zile kompyuta zilipoanza kuonekana wilayani, na mtu mwenye flopi mfukoni akitembea kifua mbele. Mnazikumbuka flopi? Kile kidude bapa cha mraba, chenye kisahani cha sumaku ndani. Vijana msicheke, baba zenu walizienzi!

Kwenye flopi moja tu, Mwalimu Mndeme alikuwa ameingiza maneno ya nyimbo zote za kwaya, na nafasi ikabaki. Ukimuuliza, anagonga mfuko wa shati: "Kwaya nzima imo humu."

Basi mwimbaji wake mkuu, Mama Namsifu, akaota rovu shingoni. Likakua hata kumeza ikawa shida. Daktari hakumficha. "Mama, tutakupasua na utapona. Ila mishipa ya sauti iko karibu mno. Sauti siwezi kukuahidi."

Mwalimu alipopata habari hizo alikosa raha. Sauti ile ndiyo iliyowazika wazazi wake. Ndiyo iliyoimba siku alipooa. Ipotee hivihivi? Akashuka na Mama Namsifu mjini hadi kwa fundi wa kompyuta.

"Fundi, tutilie sauti ya mama huyu kwenye flopi."

Fundi akatabasamu. "Mwalimu, maneno ni mepesi. Sauti ni nzito."

Mama akaanza kuimba. Hajavuta pumzi ya pili, flopi imejaa! Fundi akaibana ile sauti ili itoshe. Ikatoka kama nyuki aliyefungiwa chupani. Mwalimu naye akaanza kupunguza wimbo aliokuwa ameupanga. Akatoa beti. Akatoa ngoma. Akasema basi hata waitikiaji wasiwepo, aimbe mama peke yake, kiitikio kimoja tu. Bado hakikuenea.

"Mwalimu," Mama Namsifu akasema taratibu, "mbona unanikata kama kitambaa?"

Fundi akawaonea huruma. Akatoa kabatini sahani nyembamba inayometa rangi zote za upinde wa mvua. "Hii ni sidii. Flopi huandikwa kwa sumaku. Hii huandikwa kwa mwanga. Moja hii inameza flopi zaidi ya mia nne. Mtaimba zaidi ya saa nzima. Mashine ya kuiandikia naletewa karibuni, nami nitapanda nayo huko kwenu kabla mama hajaenda hospitali."

Mwalimu akaigeuzageuza mkononi. "Nyembamba hivi?"

"Hivyo hivyo unavyoiona."

Sasa nisikilizeni vizuri. Siku ya kurekodi ilipofika, kijiji kizima kilijaa uwanjani pa kanisa. Nani asingekuja kumwimbia Mama Namsifu? Lakini Mwalimu akasimama mlangoni, akaanza kuchagua. Wewe ingia. Wewe sauti inakwaruza, baki nje. Wewe seremala hujawahi kuwahi kiitikio tangu uzaliwe, baki nje. Watoto nje. Wazee wenye vikohozi nje. Je, alikuwa mtu mbaya? La! Alitaka kazi safi. Ila mkono wake ulishazoea kupunguza.

Ndani wakabaki wachache. Mama Namsifu akasimama mbele ya kipaza sauti, lakini hakuimba. Akamgeukia fundi.

"Mwanangu, sahani hiyo imejaa?"

"Hata kidogo, mama. Tupu kabisa."

"Na wakiimba watu mia, wanachukua nafasi kubwa kuliko mmoja?"

Fundi akashtuka, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. "Hapana, mama. Aimbe mmoja, waimbe elfu, wimbo ni ule ule na nafasi ni ile ile. Hata kwenye flopi ilikuwa hivyo."

"Umesikia, Mwalimu? Basi hawa tunawafukuzia nini?"

Mwalimu Mndeme uso ukamwaka. Alikwenda mlangoni, akaifungua milango yote miwili, akasema, "Ingieni. Jamani, ingieni nyote."

Wakaingia! Waliokwaruza, waliokohoa, watoto migongoni mwa mama zao. Mama Namsifu akaanzisha, na kiitikio kilipomjibu, mabati ya kanisa yalitetemeka. Seremala akachelewa kama kawaida yake, na Mwalimu kwa mara ya kwanza akaona kuchelewa kule ni kutamu.

Mama alipasuliwa, akapona. Sauti haikurudi, ukabaki mnong'ono. Jumapili ya shukrani yake sidii ikawekwa. Ile sauti ikapanda, nzima, pana, na watu wakatazama chini wakidhani mwenyewe atalia. Alie? Alisimama na kovu lake shingoni, akainua mikono yote miwili, akawaongoza! Kanisa zima likamwitikia, vigelegele vikavuka bonde hadi kijiji cha pili. Kisu kilichukua sauti ya shingo moja. Shingo za kijiji kizima kingeziweza?

Na sisi, wapendwa? Mungu ametupa moyo mpana, nasi tunautumia kwa mazoea ya moyo finyu. Tunahesabu nani anafaa, kana kwamba neema itajaa. Yule binti aliyezalia nyumbani, tumemwambia hakuna nafasi kwenye kwaya. Yule mlevi, tunamsogezea mbali benchi. Ndugu yangu, ni nani alikudanganya kwamba akiingia yeye, wewe utapunguka? Neema ya Bwana haijawahi kujaa, na leo haitajaa!

Nawaona watu wawili watatu dirishani hapo, wananisikiliza wakiwa wamesimama juani. Hatutasema amina kwanza. Ninyi mlio benchi la nyuma, sogeleaneni. Halafu mmoja wenu atoke, akawashike mkono, waingie.