Udi wa Mzee Mwinyikondo

Haya, sogeeni, na wewe uliyetanuka mwachie mwenzio mkeka! Hadithi hii mtaimalizia nyinyi.

Kule Pongwe alikuwepo Mzee Mwinyikondo, mpiga udi. Udi wa nyuzi, si wa kufukizia! Harusi bila yeye watu waliiita kikao. Alipofariki aliacha wanafunzi watatu. Saumu alikuwa na kumbukumbu: neno likimwingia halitoki. Khatibu alikuwa na sikio: mlango ukilia, anakutajia sauti yake. Sefu alikuwa na mikono: aliwahi kufufua redio iliyokanyagwa na punda.

Mjane, Bi Zena, akawaambia, "Wanangu, udi wake umevunjika shingo, na wimbo wake wa mwisho sikuusikia. Atakayemrudisha barazani siku ya arobaini, udi ni wake."

Saumu akarudisha maneno, beti zote kumi na mbili, na vituko vyake juu.

Khatibu akarudisha sauti, mpaka ile ya kuparuza.

Sefu akaunga shingo, akafunga nyuzi mpya.

"Udi wangu huo," akasema Sefu. "Bila mimi mngepiga kamba ya kuanikia nguo!"

"Na bila maneno yangu ungeimba nini, mee ya mbuzi?" akajibu Saumu.

Arobaini ikafika. Hitma ikasomwa, wimbo ukaanza, watu machozi na vicheko. Ubeti wa saba, Saumu akashika kifua kama Mzee alivyofanya kwenye harusi ya mwisho aliyopiga: "Nipokeeni! Jamani, nipokeeni!" Akakohoa mara tatu. Baraza zima likaitika, "Tumekupokeaaa!"

Bi Zena hakucheka.

"Mwanangu, kile hakikuwa kituko. Pumzi zilimwishia, akawaomba mumpokee wimbo. Aliniambia, 'Wameniitika vizuri, ila hakuna aliyeimba.' Siku ya tatu tukamzika."

Saumu uso ukamwaka. Siku ile aliyeitika kwa kelele kuliko wote ni yeye, na kiuno akazungusha.

"Nilisikia sauti imeteleza," Khatibu akanong'ona. "Nikadhani uzee."

"Niliona vidole vinatetemeka," akasema Sefu. "Nikacheka."

Bi Zena akanyanyua udi. "Haya, nani?"

"Mpe Sefu, mama," akasema Khatibu.

"Mimi? Toba! Mpe Khatibu."

"Wallahi sistahili. Mpe Saumu."

Saumu akaficha mikono ndani ya kanga.

"Aibu zenu sizitaki," akasema Bi Zena. "Nataka mpigaji. Nikibaki nao mimi, utanyamaza."

Basi wewe uliyeacha kucheka, nijibu: udi umpe nani? Aliyeyakumbuka maneno bila kuyaelewa, aliyesikia akapuuza, au aliyeona akacheka?