Kanga Moja, Mabega Matatu

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, si zamani ya sungura kusema, ni zamani ya juzijuzi tu, bibi zenu walipokuwa wasichana wa kutumwa dukani, palikuwa na mji ukiitwa Ndimuni. Mji wenyewe ni njia moja: inaanzia sokoni bondeni, inapanda, inaishia kilimani. Mchana ungeweza kuipita njia hiyo huku unamenya muwa. Usiku, ukiwa mwanamke na uko peke yako, ilikuwa njia nyingine kabisa.

Wanawake wa Ndimuni hawakungoja wanaume wazinduke. Walijiwekea desturi. Mwanamke akirudi usiku, kila mlango anaoupita huita, "Napita, mwenye nyumba!" Na mwenye nyumba, hata kama yumo usingizini, hata kama ananyonyesha, huitikia, "Pita, mwenzangu, nakusikia." Kisha halali. Hutega sikio mpaka asikie mlango unaofuata umeitikia. Usipoitikia, hutoka nje akapiga ukunga, yowe la kuwaamsha watu. Ndivyo walivyopokezana mtu, mlango kwa mlango, kama watu wanavyopokezana ndoo za maji nyumba ikiungua. Naona baba mmoja huko nyuma anacheka. Cheka tu, baba. Mama yako alifika nyumbani salama kwa desturi hiyohiyo.

Basi katika mji huo alikuwako msusi, jina lake Mwanamvua. Mumewe alikuwa amefariki, kamwachia mtoto wa kike mdogo na mama mkwe mwenye kukoroma. Walikula kwa vidole vyake. Na mnajua mabibi harusi: hawasukwi mchana watu wakaona. Husukwa usiku, kwa taa ya koroboi, na msusi akimaliza huteremka barazani peke yake, anafunga chanuo lake kwenye pindo la kanga, anashika njia.

Njia yote ya Mwanamvua ilimwitikia, isipokuwa mlango mmoja. Mlango wa Sikudhani.

Zamani walikuwa marafiki wa kuchangia chumvi. Kisha mume wa Sikudhani akaoa mke wa pili, na bibi harusi huyo alisukwa na nani? Na Mwanamvua. Sikudhani akaapa, "Aliyempamba mke mwenzangu, simwambii neno maisha yangu." Mwanamvua naye akasema, "Ningekataa kusuka, angenilisha nani, yeye?" Wakanuniana. Tangu hapo Mwanamvua akifika pale hufyata ulimi, hupita kimya, mpaka mlango wa mbele yake, wa Bi Mize. Mji mzima ulijua kwamba pale pana pengo. Na mji mzima ukijua jambo, mwovu naye analijua.

Usiku mmoja Mwanamvua alichelewa mno. Shangazi wa bibi harusi hakuwa na msimamo: kwanza mabutu, mara fumua, mara msuko wa twende kilioni. Alipotoka kulikuwa na giza totoro, na vidole vilimuuma. Akapanda.

"Napita, mwenye nyumba!"

"Pita, mwenzangu, nakusikia."

"Napita, mwenye nyumba!"

"Pita, mwenzangu, nakusikia."

Akafika kwa Bi Rehani, bikizee asiye na mtoto, asiye na jino, ambaye miguu yake ilikuwa imemkataa. Hapo ndipo unapoanza ua wa minyaa, mrefu, umesongwa na kishona nguo, yale majani yanayong'ang'ania nguo ya mpitaji, unafuatana na njia mpaka kwa Bi Mize.

"Napita, mwenye nyumba!"

Bi Rehani akatega sikio. Kisha sauti nyembamba ikatoka dirishani. "Pita, mwanangu. Nawasikia wawili."

Mwanamvua akasimama. Nyuma yake, kando ya minyaa, hatua moja zaidi ikakanyaga, kisha nayo ikasimama.

 Kurudi kwa Bi Rehani hakuwezekani, mtu yuko huko. Kupiga kelele, mtu huyo angemfikia kabla mlango wowote haujafunguka. Akaenda haraka, zile hatua zikaenda haraka. Akapunguza, zikapunguza. Akamkumbuka mwanawe, analala mguu juu ya bibi yake, na kesho asubuhi atauliza, mama yuko wapi? Mlango wa karibu mbele yake ni mmoja, nao ndio mlango usioitikia.

Nyinyi mnaojua kununa, mnajua uzito wa kulitamka jina la mtu uliyenuniana naye. Lakini alifika pale, akakaza moyo.

"Napita, mwenye nyumba!"

Kimya.

"Napita, mwenye nyumba!"

Kimya. Hatua zikaacha kujificha, zikaja waziwazi njiani. Mwanamvua akauegemea mlango kwa viganja viwili, na mara ya tatu hakusema maneno ya desturi. Akasema, "Sikudhani, ni mimi. Ninafuatwa."

Komeo likalia. Mlango ukafunguka, mkono ukatoka, ukamkamata kanga, ukamvuta ndani kama mzigo. Sikudhani alikuwa amesimama gizani na mchi wa kutwangia, kauma midomo. Hakusema pole. Hakusema karibu. Mtu akausukuma mlango kwa nje, mbao zikalia. Sikudhani akauegemeza mgongo, akafumbua kinywa, akapiga ukunga ambao mpaka leo unasimuliwa. Aliapa hatamwambia Mwanamvua neno, na ukunga si neno.

Milango ikafunguka. Wanaume wakatoka, mmoja na panga, mmoja na upawa, mmoja kajifunga shuka la mkewe. Wa kwanza kufika mbele, mwenge mkononi, mkali kuliko wote, alikuwa Mbaruku, mtoto wa pekee wa Bi Mize. "Kakimbilia mtoni!" akapaza sauti. "Nimemwona mgongo! Nifuateni!" Na watu wakaanza kumfuata.

Ndipo Bi Mize akatoka nyumbani mwake na koroboi. Hakukimbia. Aliwapita watu mmoja mmoja mpaka akamfikia mwanawe.

"Mbaruku, simama."

"Mama, mwizi anatoroka!"

"Simama, mwanangu."

Akaiteremsha taa mpaka chini. Watu wote pale walikuwa wametoka vitandani. Shuka la Mbaruku peke yake, tangu pindo mpaka gotini, lilikuwa limejaa kishona nguo.

"Msiende mtoni," Bi Mize akasema. "Mnayemtafuta ndiye anayewaongoza. Mimi nimeyachambua haya kwenye shuka lake asubuhi nyingi. Nikajiambia, mwanangu anakwenda kutega kware. Nilijidanganya. Mshikeni."

Mbaruku akautazama uso wa mama yake, mwenge ukamdondoka. Hakukana. Alfajiri jumbe, mkubwa wa mji, akampeleka bomani, na Ndimuni hawakumwona tena.

Usiku ule Mwanamvua alikaa chini sakafuni kwa Sikudhani, akalia, kisha akacheka, kisha akalia na kucheka kwa pamoja. Bi Rehani alibebwa mgongoni akaletwa, naye akawa anampapasa kichwa akisema, "Mzima, mzima, mwanangu mzima." Sikudhani akachemsha uji wa tangawizi. Akampa bakuli bila neno, lakini sukari alitia ya watu wawili. Mwanamvua alipofika kwake akakuta mtoto kalala mguu juu ya bibi, na bibi anakoroma mpaka paa linajibu. Hakupata kusikia sauti tamu kuliko ile. Akajilaza katikati yao na chanuo bado liko kwenye pindo.

Asubuhi wanaume wakakutana, wakatoa shauri lao: wanawake wasitoke tena usiku. Mwanamvua akawasikiliza mpaka wakamaliza.

"Nikae ndani kwa kosa la nani?" akauliza.

Wakatazamana. Jioni ile Mwanamvua akachukua chanuo lake akateremka bondeni kusuka kichwa kingine. Usiku akapanda. Milango ikamwitikia. Bi Rehani akamwitikia, "Pita, mwanangu. Leo uko peke yako, alhamdulillahi." Akafika kwa Sikudhani. Akaita.

Kimya. Halafu, kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa kumeza shubiri: "Pita."

Neno moja tu. Mwanamvua alikwenda njia iliyobaki akijipangusa macho, na mwili wake ulikuwa mwepesi kama wa msichana. Kwa Bi Mize akaita kwa woga, akidhani leo hapaitikiwi. Pakaitikiwa. "Pita, mwenzangu, nakusikia." Sauti ilikuwa imekauka kwa kulia.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kazi yenu. Ndimuni palikuwa na desturi ya pili. Mtu akiokolewa, huchukua kanga aliyokuwa amejitanda saa ya hatari, akaifunga begani mwa aliyemwokoa, mbele ya watu. Aliyefungwa kanga amekuwa ndugu. Huingia bila hodi. Akiugua anauguzwa, akifa anaoshwa na kuzikwa kama wa tumbo moja, na adui yake ni adui yenu. Na kanga hiyo ni moja, haichanwi. Ukiichana umeuchana udugu.

Ijumaa wakakusanyika barazani kwa jumbe. Mwanamvua akasimama na kanga mkononi, na watatu wakakaa mbele yake.

Bi Rehani akasema wa kwanza, maana ndiye mkubwa. "Mie sina miguu wala meno, nina masikio tu. Lakini bila masikio haya, msusi angepita mdomo wazi, anawaza mabutu ya watu, mpaka akakamatwa shingo. Mlango angeugongea nini, kama hakujua anafuatwa? Ukunga ungepigiwa nini? Na niseme ukweli, sina mtoto. Nikifa leo nitaoshwa na nani? Kanga ni yangu."

Sikudhani akainuka. Hakumtazama Mwanamvua, alimtazama jumbe. "Mwambieni msusi hivi. Bikizee alisikia, akabaki kitandani. Hakupiga ukunga."

"Sauti yangu haivuki chandarua, mwanangu!" Bi Rehani akadakia.

"Sawa, haivuki. Yangu ilivuka. Kusikia hakufungui mlango. Mimi nilikuwa na kinyongo, na kinyongo cha haki, kila mke hapa anakijua. Kumfungulia rafiki ni kazi gani? Mimi nilimfungulia mtu niliyeapa kutomwambia neno, na mlango wangu mbovu nikauegemeza kwa mgongo wangu. Kanga ni yangu." Akavuta pindo la kanga yake. "Na tukiwa ndugu, nitalazimika kusema naye. Nimechoka kununa."

Watu wakacheka. Mwanamvua naye akacheka, machozi yanamlengalenga. Lakini mmoja akauliza kutoka pembeni, "Mbona ulingoja mpaka mara ya tatu?" Na Sikudhani akainama.

Bi Mize hakutaka kusema. Jumbe akamsihi. Akasimama, kanga yake imefunika nusu ya uso.

"Hawa walimwokoa Mwanamvua usiku mmoja," akasema. "Lakini mwanangu alikuwa ameshika mwenge, na nyinyi wote mlikuwa nyuma yake. Angewapeleka mtoni, mngerudi mkalala, na kesho yake angekuwa nyuma ya mwingine. Wao walitoa masikio na mgongo. Mimi nilitoa mtoto, na sina wa pili. Mnasema nilinyamaza asubuhi nyingi. Ni kweli, nilinyamaza, na Mungu ataniuliza. Lakini nisipofungwa kanga hii, mimi ni mama wa Mbaruku tu. Siku nitakayopita usiku nikaita, nani ataniitikia?"

 Halafu mama mkwe wa Mwanamvua, yule mkoromaji, akasema kwa sauti kubwa, "Hivi mnasahau? Aliyekubali kuuita mlango wa adui ni mkwe wangu mwenyewe. Ajifunge mwenyewe kanga yake, twende tukale!" Watu wakacheka tena, lakini desturi ni desturi: mtu hajifungi kanga yake mwenyewe.

Mwanamvua aliwatazama. Mmoja alisikia. Mmoja alifungua. Mmoja alitaja. Kila usiku wa maisha yake ataipita milango hiyo mitatu, na kila usiku atataka iitikie yote. Jua lilikuwa linashuka, na huko bondeni bibi harusi mwingine alikuwa amekaa na nywele zimefumuliwa, anamngoja. Akaikunjua kanga, akapiga hatua mbele, akainua mikono.

Mimi yangu yamekwisha, yaliyobaki ni yenu. Wewe baba uliyekuwa ukicheka, anza wewe: bikizee aliyesikia, adui aliyefungua, au mama aliyemtaja mwanawe? Je, kanga ile ilistahili bega la nani?